Msitu wenye walinzi wengi, na bado unaliwa

Wengi wetu tunaujua mwaloni kwa Biblia tu. Abramu alipiga hema kwenye mialoni ya Mamre, na habari ikaishia hapo, maana mti wenyewe hauoti kiasili popote kusini mwa Sahara. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba Uingereza na Ireland zimehangaika kwa miongo kadhaa kuokoa mabaki ya misitu yao ya mialoni ya milimani, atafikiria wakata mbao wa usiku na askari wa kuwakimbiza. Sivyo ilivyo. Miti mikubwa ya misitu ile hakuna anayeigusa siku hizi. Ina sheria, ina ramani, ina maofisa, na mingine iko kwenye ardhi ya mwana wa mfalme. Kinachokosekana ni watoto wa miti. Wazee wamesimama, chini yao hakuna mrithi, na kila mwenye dhamana anaweza kukuonyesha karatasi inayothibitisha kuwa ametimiza wajibu wake.

Kuelewa inakuwaje msitu ulindwe kiasi hicho na bado upungue, inabidi kuachia kwanza maana tuliyoizoea ya neno hifadhi.

Tuanze na Wistman's Wood, kwa sababu ndio unaopigwa picha kuliko yote, na karibu kila tatizo la misitu hii limo ndani yake. Uko Dartmoor, katika jimbo la Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwenye mteremko wa bonde la mto West Dart, kati ya mita 380 na 435 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Lushoto atacheka kusikia hiyo inaitwa milima. Lakini Dartmoor inapokea upepo wa Atlantiki kifuani, na mji jirani wa Princetown hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, haipishani sana na ya Amani kule Usambara Mashariki. Eneo lote la miti ni kama hekta 3.5, yaani viwanja vitano vya mpira, nalo limekatika vipande vitatu.

Miti yenyewe ni mialoni ya kawaida ya Ulaya, Quercus robur, ambayo mabondeni hupita mita 20 bila shida. Hapa imejikunja, imelala ubavu, mingine inatambaa juu ya mawe kabla ya kuinuka. Miaka ya 1860 mwaloni mmoja ulikatwa kwa ruhusa maalumu ili pete zake zihesabiwe, zikapatikana kama 168. Jiwe lenye maandishi ya tukio hilo bado lipo pembeni ya msitu.

Kilichouokoa msitu huo ni mawe. Sakafu yake yote ni mabonge ya granaiti yaliyoporomoka kutoka vilele vya juu na kulundikana. Kondoo hapendi kutembea juu yake, na mkata kuni hawezi kupitisha mkokoteni. Mbegu iliyodondokea ufani ilipata udongo kidogo, ikapata unyevu, ikakua imejificha mpaka ikapita kimo ambacho mdomo wa kondoo unafika. Kote kuzunguka, mahali pasipo na mawe, hakuna mwaloni. Dartmoor nzima, yenye kilomita za mraba 954, imebakiwa na misitu mitatu tu ya aina hii kwenye maeneo yake ya juu: huu, Black Tor Beare na Piles Copse.

Msitu wa mvua kwenye baridi

Wataalamu wanaiita misitu hii misitu ya mvua ya ukanda wa baridi. Jina hilo si la kujipamba. Msitu wa mvua hautambulishwi na joto, unatambulishwa na maji yasiyokatika: mvua zilizogawanyika mwaka mzima, ukungu, kiangazi kisichochoma na majira ya baridi yasiyogandisha sana. Bahari ya Atlantiki ndiyo inayoleta hali hiyo kwenye ukingo wa magharibi wa visiwa hivi, kuanzia Cornwall na Devon, kupitia Wales na Lake District, hadi magharibi mwa Scotland na Ireland. Zamani ukanda huo ulikuwa na miti kwa sehemu kubwa. Leo misitu ya aina hii haifiki asilimia 1 ya ardhi ya Uingereza.

Dalili yake ni kwamba mti hauishi peke yake. Makangaga yameota juu ya matawi, mbali na udongo. Magome yamefunikwa na vimea laini vya kijani visivyo na maua wala mizizi ya kweli, na juu ya vimea hivyo kuna likeni, ambayo si mmea kabisa. Likeni ni kuvu na mwani walioungana na kuishi kama kiumbe kimoja. Zipo zinazoning'inia kama nywele, zipo pana zenye mikunjo kama Lobaria pulmonaria, iliyopewa jina hilo kwa kufanana na pafu. Moja iitwayo Bryoria smithii ni adimu kiasi kwamba Wistman's Wood ni miongoni mwa sehemu chache mno nchini Uingereza inakoonekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulihesabu takriban spishi 2,300 zinazoutumia mwaloni nchini humo kwa namna moja au nyingine, na 326 kati ya hizo hazionekani kwenye mti mwingine wowote.

Wamo pia ndege ambao ni wetu kwa nusu mwaka. Phylloscopus sibilatrix, ndege mdogo wa rangi ya kijani-njano anayeimba kwenye mialoni ya Wales mwezi Mei, baridi ikianza anahamia misitu ya Afrika ya ikweta, kuanzia magharibi hadi Uganda. Ndege mwingine mdogo, mweusi-na-mweupe, Ficedula hypoleuca, naye huzaa kwenye matundu ya mialoni hiyo hiyo na kushinda majira ya baridi Afrika Magharibi. Idadi yao ikishuka Uingereza, wenyeji hujiuliza kama tatizo liko kwao au kwetu, na swali hilo ni la haki.

Mchoma mkaa aliyelinda msitu

Masimulizi ya kawaida ni kwamba viwanda ndivyo vilivyomaliza misitu. Kwa mialoni ya magharibi mwa Scotland mambo yalikuwa kinyume, na mtu aliyezoea kuona magunia ya mkaa yakishuka barabara ya Morogoro atashangaa kidogo.

Mwaka 1753 tanuri la kuyeyushia chuma lilijengwa Bonawe, kando ya Loch Etive, ghuba ya bahari huko magharibi mwa Scotland. Madini yaliletwa kwa meli kutoka England, kwa sababu ilikuwa nafuu kuyapeleka madini kwenye mkaa kuliko kuupeleka mkaa kwenye madini. Mkaa ulitoka kwenye mialoni ya pwani hiyo. Mwaloni ukikatwa chini, kisiki hakifi, kinachipua. Wenye mali walikata kipande baada ya kipande, wakisubiri miaka 20 na kitu kabla ya kurudi palepale. Machipukizi ni matamu kwa mifugo, kwa hiyo kila kipande kilichokatwa kilizungushiwa ukuta au uzio kwa miaka kadhaa mpaka yawe marefu. Magome nayo yaliuzwa kwa watengeneza ngozi. Msitu ulikuwa na bei, na chenye bei hakiachiwi mbuzi.

Kisha chuma kikaanza kuyeyushwa kwa makaa ya mawe, ngozi zikapata kemikali, na tanuri la Bonawe likazimwa mwaka 1876. Hakuna aliyekuja kukata miti. Kuta zilibomoka tu, na kondoo wakaingia. Miti mingi unayoiona leo kwenye misitu ya Sunart na Argyll ni machipukizi ya visiki vya wachoma mkaa, yaliyoachwa yakawa wazee. Umri wao unakaribiana mno, na hilo ni tatizo, maana watachoka pamoja.

Pigo la karne ya 20 lilitoka serikalini. Vita Kuu ya Kwanza iliikuta Uingereza haina mbao za kutosha, na mwaka 1919 ikaundwa Forestry Commission, tume ya kupanda miti haraka. Mti uliochaguliwa kwa nyanda za juu ulikuwa sprusi wa Sitka, mti wa jamii ya misonobari kutoka pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Si ardhi tupu tu iliyopandwa. Mialoni ya kale ilibanduliwa gome kwa mzunguko, au kuwekewa sumu, ikafa imesimama huku sprusi zikipanda chini yake. Sera ilibadilika rasmi mwaka 1985. Tangu hapo zoezi limegeuka, sprusi zinatolewa kidogokidogo kutoka kwenye misitu hiyo, kwa uangalifu, kwa sababu vimea vya magome vilivyozoea kivuli vikipigwa na mwanga wote kwa siku moja navyo hufa.

Tabaka za ulinzi

Tunaposema hifadhi ya mazingira asilia nchini Tanzania, kama Amani iliyotangazwa mwaka 1997, tunaelewa ardhi ya umma, mipaka iliyowekwa mawe, na TFS, wakala wa misitu wa serikali, ndiyo yenye funguo. Uingereza haikujengwa hivyo. Kule ulinzi ni karatasi zinazowekwa moja juu ya nyingine kwenye ardhi ambayo kwa kawaida ina mwenyewe.

Chukua Wistman's Wood. Ardhi ni ya Duchy of Cornwall, mali iliyoanzishwa mwaka 1337 kwa ajili ya mrithi wa kiti cha ufalme, na sasa iko mikononi mwa Prince William. Duchy ndiyo inayomiliki karibu theluthi ya Dartmoor. Malisho yanayouzunguka msitu yanakodishwa kwa mfugaji. Juu ya hapo, Dartmoor ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951, lakini usifikirie Serengeti: watu wanaishi ndani, wanalima, wana mashule na baa, na mamlaka ya hifadhi inashughulika zaidi na vibali vya ujenzi, njia za watembeaji na mandhari. Muungano wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN, unaziweka hifadhi za taifa za Uingereza katika kundi la tano, la mandhari yaliyoumbwa na binadamu na maumbile kwa pamoja.

Mwaka 1964 msitu ukaongezewa tabaka jingine, hadhi ya eneo lenye umuhimu maalumu wa kisayansi. England peke yake ina maeneo zaidi ya 4,000 ya aina hiyo. Hadhi hii ndiyo yenye meno kisheria, hasa tangu sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981. Mwenye ardhi anapewa orodha ya mambo asiyoruhusiwa kuyafanya bila idhini ya shirika la serikali, ambalo leo linaitwa Natural England: kukata miti, kumwaga mbolea, kuchimba mifereji, kubadili mifugo. Halafu likaja tabaka la Ulaya. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1992 yaliitaja kwa jina misitu ya kale ya mialoni ya visiwa hivi, yenye holi (mti mdogo wenye majani ya miiba) na makangaga, na Dartmoor ikawekwa kwenye orodha ya maeneo maalumu kwa sababu hiyo na nyinginezo. Uingereza ilipojitoa Ulaya, masharti hayo yalibaki ndani ya sheria zake. Mwisho kuna hadhi ya hifadhi ya taifa ya mazingira asilia, ambayo England inazo zaidi ya 200, ikimaanisha kuwa uhifadhi ndio unaopaswa kutangulia katika matumizi ya mahali hapo.

Hesabu mwenyewe. Ukimwuliza mtu nani anaulinda msitu huu, jibu sahihi ni wengi. Ukimwuliza nani ana uwezo wa kuamua kondoo wangapi wapite pembeni yake mwezi Februari, jibu linakuwa refu, na hapo ndipo ilipo shida yenyewe.

Mwaloni haukui chini ya mama yake

Mwaloni una tabia moja ambayo waandishi wa sheria hawakuizingatia. Mbegu yake ni nzito, haipeperuki. Ina akiba ya chakula ndani, kwa hiyo huota hata kwenye giza, na mwaka wa kwanza mche unaonekana una afya. Akiba ikiisha, mche unadai mwanga. Chini ya matawi ya wazee mwanga hautoshi. Tangu miaka ya 1907 na 1908 hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ugonjwa wa ukungu mweupe wa majani ulifika Ulaya kutoka nje, nao huunyima mche hata ule mwanga kidogo unaoupata. Wataalamu wengi wanaamini ndio maana mialoni michanga inashindwa kabisa kivulini siku hizi, wakati zamani ilikuwa ikijikongoja.

Kwa hiyo kizazi kipya cha mwaloni hukua nje ya msitu. Jay, ndege wa ukoo wa kunguru, hubeba mbegu kwa maelfu kila vuli na kuzifukia mbali kidogo, kwenye uwazi, kama akiba ya baridi. Anazozisahau huota. Msitu wa mialoni, ukiachwa, hausimami mahali pamoja. Unatembea polepole, wazee wakifia huku na vijana wakiotea kule.

Sasa weka mpaka wa hifadhi kuzunguka miti iliyopo. Umewalinda wazee. Umeliacha nje eneo ambalo watoto walipaswa kuotea, na eneo hilo ndilo malisho. Kondoo mmoja anayepita mara mbili kwa mwaka anatosha kuumaliza mche wa miaka mitatu. Hahitaji kuwa na njaa. Anaonja tu.

Kwa haki, Wistman's Wood wenyewe umewahi kuonyesha kuwa unaweza kutembea. Picha za zamani zikilinganishwa na za baadaye, msitu uliongezeka karibu mara mbili katika karne ya 20, na miti mipya ikainuka mirefu na iliyonyooka kuliko ile mikongwe. Nafasi ikitokea, mwaloni unaitumia. Mwaka 2023 Duchy ilitangaza mpango wa kuuongeza tena mara mbili kufikia mwaka 2040, kwa kushirikiana na wafugaji wake na Natural England, njia kuu ikiwa ni kuwazuia mifugo sehemu za jirani ili miche ijiotee. Mwishoni mwa mwaka huohuo serikali nayo ikatoa mkakati wa misitu ya mvua ya England.

Basi si tujenge uzio tumalize? Wengi walifikiri hivyo, na Killarney imewapa jibu gumu. Hifadhi hiyo ya kusini-magharibi mwa Ireland ilianza mwaka 1932, pale shamba kubwa la Muckross lilipotolewa zawadi kwa taifa, na ndani yake imo mialoni bora kuliko yote iliyobaki nchini humo. Kulungu wekundu wa asili wamo, na kulungu aina ya sika walioletwa mwaka 1865 wamo. Watafiti walizungushia uzio baadhi ya vipande kwa miongo kadhaa ili kulungu wasiingie. Holi zilijaa. Mialoni michanga haikuja kwa wingi, kwa sababu kivuli kilikuwa palepale. Na mahali ambapo hakuna anayekula kabisa, vichaka vya miiba hupanda hadi kwenye vigogo na kuvinyima mwanga vile vimea vya magome ambavyo ndivyo vilivyoupa msitu sifa. Kumbe mnyama anahitajika, ila kwa kipimo. Ng'ombe wachache msimu fulani, kisha wasiwepo miaka kadhaa, kisha warudi. Hakuna fomula moja, na mimi huwa simwamini sana mtu anayetaja idadi ya kondoo kwa hekta kana kwamba anasoma kipimo cha dawa.

Kuna adui mwingine ambaye uzio unamsaidia badala ya kumzuia. Rododendroni ililetwa Uingereza karne ya 18 kwa ajili ya maua yake ya zambarau, ikapandwa kwenye mashamba ya matajiri kama pambo na maficho ya ndege wa kuwindwa. Mifugo haiigusi maana ina sumu. Hewa ya mvua inaipenda. Inafunika sakafu ya msitu mpaka hakuna mche wala kangaga chini yake. Killarney wafanyakazi na watu wa kujitolea wamekuwa wakiing'oa tangu miaka ya 1980, na Wales kumekuwa na mradi mkubwa uliojengwa kwa sehemu kubwa juu ya kazi hiyo. Amani wanaielewa hadithi hii vizuri. Kwao ni msizi, Maesopsis eminii, uliopandwa mwanzoni mwa karne ya 20, ukatoroka mashambani na kuingia msituni pale ulipokuwa umekatwa, hondohondo wakibeba mbegu. Tofauti ni kwamba msizi angalau unatoa mbao.

Ugomvi wa kondoo

Sasa lile swali la Februari. Sehemu kubwa ya Dartmoor iliyo wazi ni malisho ya pamoja, kiasi cha hekta 36,000. Ardhi ina mwenyewe, lakini haki ya kulisha ni ya wafugaji wa vijiji vya pembezoni, haki iliyofungwa na mashamba yao na kurithiwa nayo. Sheria ya mwaka 1985 iliwapa baraza lao la kusimamia mifugo. Hakuna uzio kati ya kundi na kundi. Kondoo jike anajua eneo lake na humfundisha mwanawe, kizazi kwa kizazi, kwa hiyo kila kundi linakaa kwake bila ukuta. Mpango mzuri sana, wenye udhaifu mmoja: ukiliondoa kundi lako ili miti iote, la jirani linahamia. Umepoteza kondoo na miti haijaota.

Juu ya hapo weka fedha. Kwa muda mrefu wafugaji wa milimani walilipwa ruzuku kwa kichwa cha mnyama, na kondoo wakaongezeka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mfumo ukageuzwa, malipo yakafuata ardhi, kisha mikataba ya mazingira ikaja na masharti ya kupunguza mifugo. Baada ya Uingereza kutoka Ulaya, ruzuku ya msingi nayo ikaanza kufutwa hatua kwa hatua. Mfugaji wa Dartmoor mwenye umri wa miaka 60 ameambiwa na serikali ileile aongeze, apunguze, na sasa ajitegemee.

Mwaka 2023 chungu kikafurika. Natural England ilitaka mikataba mipya iwe na mifugo michache sana, hasa wakati wa baridi, kwa hoja kwamba maeneo mengi yenye hadhi ya kisayansi yako katika hali mbaya. Wafugaji wakasema huo ndio mwisho wao. Suala likafika bungeni, na serikali ikaunda tume huru chini ya David Fursdon, iliyotoa ripoti Desemba mwaka huohuo. Ripoti haikumpa upande wowote ushindi. Ilisema kubishania idadi ya kondoo peke yake hakufiki popote. Dartmoor imetawaliwa na Molinia, nyasi ngumu inayotanda pale ardhi ya mboji ilipokaushwa na kuchomwa, na nyasi hiyo inahitaji ng'ombe na farasi wadogo wa kuila wakati wa kiangazi, wakati huohuo mifereji ikizibwa ili maji yarudi. Kwa hiyo kuna mahali mnyama apunguzwe na mahali aongezwe, na mnyama gani, na mwezi gani. Anayepanga hayo ni lazima ayajue mapori hayo kwa miguu, na wanaoyajua hivyo wengi wao ni hao hao wafugaji.

Naona hapo ndipo hoja ya wanaotaka kondoo waondolewe wote inapodhoofika, ingawa kuhusu mwaloni wenyewe wana ukweli. Ngorongoro imekuwa na mabishano yanayofanana tangu ianzishwe mwaka 1959 kama eneo la watu, mifugo na wanyamapori, na kila mmoja wetu ana maoni yake juu ya jinsi yalivyoendeshwa.

Scotland walichukua njia nyingine, kwa sababu mwenye meno kule ni kulungu, na kulungu hana mwenyewe. Mbwamwitu walitoweka karne nyingi zilizopita, na mashamba makubwa ya uwindaji yalipenda kulungu wawe wengi. Mwaka 1985 serikali ilinunua Creag Meagaidh, hekta karibu 4,000, baada ya kampuni moja kutaka kuipanda sprusi. Wahifadhi hawakujenga uzio. Waliwapunguza kulungu kwa risasi, mwaka baada ya mwaka, majirani wenye mashamba ya uwindaji wakilalamika. Birchi, mti unaotangulia mwaloni kwenye ardhi ya namna hiyo, zimerudi mlimani kwa wingi, na hakuna aliyezipanda.

Limebaki jambo ambalo bunduki na uzio haviliwezi. Likeni haina mizizi. Inakunywa mvua na kula kilichomo hewani, kwa hiyo hewa ikiwa na amonia kutoka mabanda ya mifugo na mashamba yenye mbolea nyingi, mwani wa kawaida unashamiri na likeni adimu zinakufa, hata kama msitu uko maili kadhaa mbali na una kila hadhi iliyotajwa hapo juu. Wales, nchi yenye mabanda mengi ya kuku bondeni, wahifadhi wanapima hewa hiyo kwa hofu.

Kwa msomaji aliye Uingereza au Ireland anayetaka kuiona misitu hii: Wistman's Wood uko mwendo mfupi kwa miguu kutoka Two Bridges, lakini wasimamizi wanaomba watu wabaki nje ya miti, kwa sababu umaarufu wa mitandaoni umeleta miguu mingi juu ya mawe yale na vimea vyake vinabanduka. Coed Ganllwyd huko Wales, karibu na Dolgellau, ina maporomoko ya maji na njia za kupita. Taynish na Ariundle, magharibi mwa Scotland, zina njia zilizotengenezwa kwa ajili ya watembeaji. Killarney ina mialoni ya Tomies na Derrycunihy. Nenda mwezi Mei ukitaka ndege, au Januari, majani yakiwa yamedondoka, ukitaka kuona magome. Vaa viatu vya matope. England, ukiwa na mbwa kwenye mapori ya wazi, sheria inataka awe kwenye kamba fupi kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai.